Bosi kaniambia nifute Microsoft Store kwenye kompyuta zote. Nimefuta 11, naona nimeingia choo cha kike

Fundi_Nyamagana · Jumatatu, saa 1:12 jioni

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ndiye mtu wa IT, peke yangu, kwenye kampuni ya usambazaji hapa Mwanza. Nina kompyuta 34. Nyingi ni laptopu za mtumba zilizopita Dubai na Kariakoo kabla ya kunifikia, zina Windows Pro, toleo la kazini. Sita za stoo na mapokezi ni Home, toleo la nyumbani. Hatuna seva wala domeni, kila mashine inajitegemea.

Mwezi uliopita bando la ofisi liliisha tarehe 19. Siku hiyohiyo bosi akapita stoo akamkuta kijana anaendesha gemu la magari. Akamuuliza kalitoa wapi. Kijana, bila hata kujishtukia, akajibu: "Kwenye Store, bosi. Bure kabisa." Kesho yake nikaitwa: hiyo Store, duka la programu la Windows, ifutwe, kompyuta zote, mwisho Ijumaa.

Nikaingia gpedit, chombo cha kupanga sera za Windows, nikawasha ile sera ya kuizima Store. Nikawasha upya mashine. Store ikafunguka vizuri tu, tena na matangazo. Nikaingia kwenye rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows) mwenyewe, nikaweka RemoveWindowsStore kuwa 1. Ikafunguka tena.

Nikasema isiwe taabu, nikafungua PowerShell, dirisha la kuandika amri:

Get-AppxPackage -AllUsers *WindowsStore* | Remove-AppxPackage -AllUsers

Ikapotea. Nikapiga mashine 11 mpaka saa mbili usiku, narudi nyumbani najiona mwamba.

Leo asubuhi wa kwanza kupiga simu ni bosi. Picha zake za iPhone hazifunguki kwenye laptopu. Photos inadai kiongezo cha HEVC, cha kusoma muundo wa picha na video za iPhone, ukibonyeza inataka kukupeleka Store, na Store ndiyo hiyo nimeizika. Wa pili mhasibu: laptopu yake tumeibadilisha juzi, anataka WhatsApp, akienda kwenye tovuti ya WhatsApp inamrudisha kulekule Store.

Maswali mawili. Naifufuaje bila kupiga Windows upya? Na kuna namna ya kuifunga watu wasiitumie bila kuiua?

---

mjukuu_wa_Usukumani · saa 1:20

Nimeweka kiti mbele kabisa. Ngoja waje.

---

BabaTausi_Moro · saa 1:41

Mkuu, pole. Kwanza ujue gpedit haikukosea na wewe hukukosea. Sera ya kuzima Store inatii kwenye matoleo ya Enterprise na Education tu, ya makampuni makubwa na mashule. Kwenye Pro ilikuwa inafanya kazi zamani, wakaiondoa kuanzia Windows 10 toleo la 1511, na Microsoft wenyewe wameliandika hilo kwenye makala yao ya KB3135657. Kinachoudhi ni kwamba kitufe chake wamekiacha humo humo kwenye Pro. Unakiwasha, kinakubali, hakifanyi kitu. Watu wamepoteza wikendi zao hapo.

Kufufua: fungua CMD (dirisha la amri) kama admini, andika wsreset -i, piga enta. Hutaona chochote kikubwa, usihangaike nayo. Iache na intaneti dakika kadhaa, Store inarudi yenyewe.

Na usirudie kuifuta. Store si duka tu. Ndiyo njia ambayo Photos, Calculator, Notepad na wenzao wanapata marekebisho, pamoja na marekebisho ya usalama. Ukiifuta hao wanabaki na toleo la siku ile ya msiba.

---

Fundi_Nyamagana · saa 1:55

Ubarikiwe mkuu. Kwa hiyo mimi nilipewa kitufe cha mapambo.

---

sauti_ya_Kilwa · saa 2:03

Mimi nauliza tu, Store ikiwa wazi tatizo ni nini hasa? Programu za mle zimepitiwa na Microsoft. Ukifunga Store kijana wa stoo atakwenda Google, atashusha IDM, ile programu ya kushushia mafaili, yenye kraki kutoka tovuti ya ajabuajabu, na hapo ndipo utalia kweli.

---

BabaTausi_Moro · saa 2:15

Nusu nakubali. Kati ya Store na kraki, nachagua Store mara mia. Ila "zimepitiwa" isikulaze usingizi. Februari 2022 Check Point walitoa ripoti ya kirusi walichokiita Electron Bot: kilipita Store hiyohiyo kikiwa kimevaa magemu ya kuigiza Temple Run na Subway Surfer, kikakaa kwenye mashine zaidi ya 5,000. Kazi yake kubwa ilikuwa kutumia akaunti za watu mitandaoni, Facebook, Google, kubofya na kupandisha vitu vya wateja wake. Gemu lenyewe linacheza kama kawaida, mtoto wa watu anafurahi.

Halafu kuna hizi programu za PDF za bure. Unaunganisha kurasa mbili, kumbe faili limepanda kwanza kwenye seva ya mtu usiyemjua. Kwenye ofisi inayoshika nakala za vitambulisho vya NIDA vya wateja hilo si jambo dogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na atakayeulizwa ni kampuni, si kijana aliyebonyeza "Pata".

---

Mhasibu_Mchovu · saa 2:31

Mimi si mtu wa IT, nimeingia humu kwa sababu ya kichwa cha uzi. Naomba niwasemee tunaobonyeza hicho "Pata".

Mwezi wa sita nilihitaji kuunganisha taarifa za benki za miezi 12 kuwa PDF moja, mkaguzi anasubiri. Nikaandika kwa IT wetu. Siku ya tisa hajajibu. Nikaingia Store, dakika mbili nimemaliza. Nilijua haifai? Nilihisi. Lakini mkaguzi alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Kwa hiyo mkifunga, fungeni, ila semeni mtu akihitaji kitu anapita wapi na anajibiwa lini.

---

Fundi_Nyamagana · saa 2:36

Dada hapo umenigusa. Kwangu mimi njia ya kuomba ni kunisubiri nipite korido.

---

Kamau_wa_Nyaya · saa 3:10 usiku

Salamu kutoka Nairobi. Tulipitia hayo hapo kitambo na karibu nifutwe kazi, acha niwaambie.

Tulikuwa na mashine kama 60, za Enterprise. Badala ya kutumia ile sera rahisi nikaona nifanye mambo ya wakubwa, nikaingia AppLocker, chombo cha Windows cha kuamua programu gani ifunguke. Nikaunda sheria za EXE pekee, yaani programu za kawaida, zile za programu za Store sikuzigusa, nikasema nitafika huko baadaye. Nikasukuma Ijumaa jioni. Jumatatu saa mbili simu zikaanza: menyu ya Start haifunguki, Settings haifunguki, Calculator haifunguki. Kumbe AppLocker ikishaona una sheria za EXE na huna hata moja ya programu za kifurushi, yaani za aina ya Store, inazifungia zote hizo. Na Start yenyewe ni mojawapo!

Kwa hivyo ukienda huko, bonyeza kwanza zile sheria za kawaida zinazoruhusu vifurushi vyote vyenye saini. Halafu weka kila kitu kwenye hali ya ukaguzi tu, bila kuzuia, wiki mbili. Soma kumbukumbu kwenye Event Viewer uone nani angeumia. Ndiyo uwashe.

Ile huduma inaitwa Application Identity lazima iwe inafanya kazi, la sivyo sheria zako ni karatasi.

---

sauti_ya_Kilwa · saa 3:18

Lakini si AppLocker nayo ni ya Enterprise? Jamaa ana Pro.

---

Kamau_wa_Nyaya · saa 3:25

Ilikuwa. Walilegeza. Windows 10 kuanzia toleo la 2004 na Windows 11, ikiwa imepata marekebisho, inatii bila kujali ni Pro au Enterprise; wameliandika kwenye makala yao ya KB5024351. Kwa Pro unaingia secpol.msc, dirisha la sera za usalama, na kuandika sheria papo hapo, domeni si lazima. Chosho ni kupita mashine moja moja, lakini unaweza kuandika moja, ukaihamisha kama faili la XML, ukaingiza kwa zingine na flashi.

---

kijana_wa_Udom · saa 3:40

Wakuu mbona mnazunguka? Kuna sera inaitwa BlockNonAdminUserInstall, inazuia asiye admini kusakinisha vifurushi. Unaweka 1, unakwenda kunywa chai.

---

BabaTausi_Moro · saa 3:52

Kijana, soma maelezo yake mpaka sentensi ya mwisho. Wameandika wazi kwamba watumiaji wote bado wataweza kusakinisha kupitia Microsoft Store. Inazuia yule anayekuja na faili la kifurushi (MSIX) kwenye flashi. Ni sera nzuri, iweke, lakini chai usiinywe kwanza.

---

kijana_wa_Udom · saa 3:58

Dah. Nimesoma. Nimerudi darasani.

---

Binti_Forodhani · saa 4:05

Swali moja tu kwa mwenye uzi, na ajibu kwa ukweli: hao watumiaji wako 34 wana akaunti za aina gani? Za kawaida au za admini?

---

Fundi_Nyamagana · saa 4:30

...

Za admini. Wote. Nilikuta hivyo nikaacha, maana kila printa mpya ilikuwa inanita.

---

Binti_Forodhani · saa 4:44

Nilijua. Kimya chako cha dakika 25 kilishajibu.

Kaka yangu, hapo hata uweke AppLocker ya dhahabu, mtu mwenye admini anaizima akitaka. Anza na hilo. Kila mashine iwe na akaunti moja ya admini ambayo paswedi yake unayo wewe, isifanane na ya mashine nyingine, na mtumiaji ashushwe awe wa kawaida. Printa zitakuita wiki mbili za mwanzo kisha zitanyamaza. Sisi huku Unguja tulifanya hivyo hotelini kwetu kabla ya kugusa kitu kingine chochote, na ukweli nusu ya matatizo yakaondoka nayo.

Sasa usije ukafikiri ukishawashusha Store imefungwa. Laa. Programu za Store zinaingia kwenye wasifu wa mtumiaji, haziulizi paswedi ya admini. Ndiyo maana kijana wa stoo asingezuiwa hata angekuwa wa kawaida. Hayo ni mambo mawili mbalimbali na unayahitaji yote.

Kwenye AppLocker usiandike sheria ya kukataza Store. Kukataza kuna nguvu kuliko kuruhusu, na wewe mwenyewe utajikuta umefungiwa nje. Chukua ile sheria ya kawaida ya kuruhusu vifurushi vyote, uiwekee "isipokuwa" Microsoft.WindowsStore. Kisha sheria ya pili: maadmini ruhusa kwa vyote. Mtumiaji akibonyeza Store anaambiwa imezuiwa, lakini zile programu alizonazo zinaendelea kupata marekebisho chini kwa chini. Hicho ndicho ulichouliza tangu mwanzo.

---

kijana_wa_Udom · saa 4:59

Naruhusiwa kusema kitu tena? Hii nimeijaribu kwa mikono yangu, chuoni walikuwa wamefunga Store tu. Kuna milango miwili ya uani.

Wa kwanza ni winget. Unafungua CMD kama mtumiaji wa kawaida, unaandika winget install na jina, inavuta kutoka Store bila Store kufunguka. Inazimwa kwenye rejistri, HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\AppInstaller, EnableMicrosoftStoreSource iwe 0. Wa pili ni tovuti ya apps.microsoft.com. Ukibonyeza kitufe cha kushusha unapewa kiEXE kidogo, ukikifungua kinakamilisha kazi. Rafiki zangu wote walikuwa wanapita hapo.

---

BabaTausi_Moro · saa 5:06 usiku

Sasa hapo umelipa ada. Wa tovuti unafungwa na sheria za kawaida za EXE za AppLocker: kilichopo Program Files na folda ya Windows kinaruhusiwa, kilichopo Downloads, Desktop au kwenye flashi hakiendi. Na hiyo inakwenda na magemu ya flashi, na IDM ya sauti_ya_Kilwa, na VPN za bure. Za VPN zina lao, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitaka zisajiliwe mwisho 30 Oktoba 2023, bosi hawezi kusema hakusikia.

Ila uchungulie AppData kwanza, ile folda iliyofichwa ya kila mtumiaji. Kuna programu halali, Zoom kwa mfano, hupenda kujiweka huko kwa mtumiaji. Ndiyo maana Kamau kasema wiki mbili za ukaguzi.

---

Kamau_wa_Nyaya · Jumanne, saa 2:15 asubuhi

Tukiwa hapo, simu je? Watu wetu wa mauzo walikuwa na Android za kampuni na Play Store ilikuwa sokoni kabisa. Tuliwawekea wasifu wa kazi na Google Play inayosimamiwa: upande wa kazi anaona zile programu tulizoidhinisha pekee, upande wake binafsi ni maisha yake. Tulitamani Windows iwe na kitu kama hicho. Microsoft walikuwa na duka la biashara ambalo unawapangia watu rafu yako, wakalifunga 2023. Siku hizi ni Intune, huduma yao ya kusimamia mashine kwa mbali, na Intune ni pesa kila mwezi kwa kila kichwa.

---

Fundi_Nyamagana · Jumanne, saa 4:40 asubuhi

Intune nikiitaja kwa bosi atafuta na mimi.

wsreset -i imerudisha Store kwenye mashine 9. Mbili hazikuwa na intaneti, madereva wamesafiri nazo.

Ya picha za bosi nimeitatua kwenye simu yake: mipangilio ya kamera, nikabadilisha muundo ili ipige JPEG. Za zamani zilihitaji kile kiongezo cha HEVC, kinauzwa senti 99 za dola. Nimemlipia mimi. Mhasibu nimempa WhatsApp Web kwenye kivinjari, karidhika.

Sasa naomba niulize la bando. Mpaka leo sijaona ushahidi kwamba gemu ndilo lililolimaliza.

---

Binti_Forodhani · saa 5:02

Hilo ndilo ungeanza nalo! Nenda Settings, upande wa mtandao, matumizi ya data. Inakupa siku 30, programu kwa programu. Pita mashine zote.

Ukikuta ni marekebisho ya Windows na Store ndiyo yanakula, washa Delivery Optimization kwa mashine za mtandao mmoja. Moja inashusha, zingine zinanyonya kwake badala ya kila moja kwenda nje. Na zile zinazotumia modemu ya mkononi ziwekee alama kwamba mtandao ni wa kupimwa, programu za Store zinaacha kujishusha zenyewe.

---

Mhasibu_Mchovu · saa 5:20

Mimi nasubiri majibu ya hilo kuliko mengine yote. Kijana wa stoo ameshahukumiwa tayari.

---

Fundi_Nyamagana · wiki tatu baadaye, saa 12:48 jioni

MREJESHO.

Samahani kwa ukimya, nilikuwa napita mashine moja moja na flashi kama mtu wa sensa.

Akaunti: 31 zimeshuka kuwa za kawaida. Siku mbili za kwanza nilichukiwa. Mtu wa manunuzi hakunisalimia mpaka Alhamisi. Printa zimeniita mara 14 wiki ya kwanza, mara 3 wiki hii.

AppLocker imewashwa kwenye Pro zote, baada ya siku 12 za ukaguzi. Kamau, ulichosema ni kweli, kumbukumbu zilinionyesha programu ya mashine ya risiti ilikuwa inaishi AppData. Ningewasha bila kuangalia, dirisha la mauzo lingelala.

Maombi: nimefungua kundi la WhatsApp, jina "Naomba Programu". Mtu anaandika anachotaka na cha kazi gani, najibu siku hiyohiyo hata kama jibu ni hapana. Mpaka sasa maombi 17, nimekubali 11. Dada Mhasibu, mbili kati ya hizo 17 zilikuwa za kuunganisha PDF, nikakukumbuka. Nimewawekea moja isiyopeleka kitu mtandaoni.

Sasa bando. Nimepita mashine zote 34. Kijana wa stoo: gemu lake GB 4, mara moja, basi. Marekebisho ya Windows yamekula kiasi chake, Delivery Optimization imesaidia. Lakini mashine moja peke yake ilikuwa na GB 71 ndani ya siku 30, na karibu zote ni iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya iPhone.

iCloud ya Windows inasakinishwa kutoka wapi? Microsoft Store.

Na mwenye iPhone ofisini ni mmoja.

---

mjukuu_wa_Usukumani · saa 12:51

UWIIIIII

---

sauti_ya_Kilwa · saa 12:55

Nimecheka mpaka mke kaja kuuliza kuna nini.

---

Binti_Forodhani · saa 1:04

Umemwambiaje?

---

Fundi_Nyamagana · saa 1:30

Sikumwambia kitu. Nilimpelekea laptopu yake, nikafungua ile kurasa ya matumizi ya data, nikamwachia aisome. Alisoma taratibu. Ni picha na video za harusi ya binti yake, zote zilikuwa zinashuka ofisini kutoka mawinguni, yeye alidhani zinakaa kwenye simu.

Baadaye akaniambia, "Hizi za wengine endelea. Ya kwangu usiiguse." Nikamwambia shikamoo mzee, ya kwako ndiyo niliyoanza nayo, akaunti yako ni ya kawaida tangu Jumatatu. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama picha za harusi zitapotea. Nikamhamishia kwenye diski ya nje, GB 71, imechukua alasiri nzima na soda mbili.

Kijana wa stoo kalipwa siku tatu alizokatwa kwenye mshahara kwa ajili ya lile gemu. Hilo nililiomba mimi.

---

Mhasibu_Mchovu · saa 1:36

Hizo siku tatu ndizo nilikuwa nasubiri kusikia.

---

kijana_wa_Udom · saa 1:50

Mkuu, na zile Home sita?

---

Fundi_Nyamagana · saa 2:02

Zipo. Hazina gpedit wala secpol. Nimeshusha akaunti na nimeweka ile mipangilio inayoruhusu programu kutoka Store tu, angalau EXE za kushushwa ovyo zimepungua. Ndiyo, najua inachekesha: nimeanza uzi nikitaka kuua Store, nimemaliza kwa kuifanya mlinzi wa stoo. Mwenye leseni halali za kupandisha Home kwenda Pro, kwa bei ya binadamu, tuongee pembeni. Za elfu kumi na tano za Telegram sitaki.